Nakala na Asili: Sauti ya TB-303 Katika Mikono Mipya

Wahenga walinena kuwa mwiga tembo hupasuka msamba. Hukumu iliyomo katika methali hiyo hutolewa mara kwa mara juu ya sinthesaiza za analogi zinazoundwa leo kwa kufuata mifano ya zamani. Sinthesaiza ni kinanda cha umeme kisicho na uzi wala bomba. Sauti yake huzaliwa ndani ya saketi, ikachujwa, ikakuzwa, kisha ikatolewa katika spika. Vinanda vingi vya namna hiyo vilivyoundwa kati ya mwaka 1970 na 1985 vimekuwa adimu na ghali, na watengenezaji wa sasa wamechunguza saketi zake, wakaziiga, wakaziuza kwa bei ndogo. Husemwa kuwa nakala hizi hazina roho, na kwamba muziki upigwao kwazo ni kivuli cha muziki uliotangulia. Shtaka hili lina uzito wake, nalo lastahili kupimwa kwa mfano mmoja unaojulikana vizuri, ili mizani isielemee upande wa mapenzi wala upande wa chuki.

Mfano huo ni TB-303, ala ndogo ya rangi ya fedha iliyosanifiwa na Tadao Kikumoto na kutolewa na kampuni ya Roland ya Japani mwaka 1981. Kusudi lake lilikuwa la wazi: kumtumikia mpiga gitaa aliyekosa mwenzake wa besi. Mpigaji angeipangia noti, ala ikazirudia, naye akafanya mazoezi peke yake. Kwa hiyo TB-303 yenyewe ilizaliwa ikiwa mwigo. Iliiga gitaa la besi, na iliiga vibaya. Sauti yake haikufanana na ya uzi uliodonolewa kwa kidole. Kuipangia wimbo kulikuwa kazi ya kuchosha, kwa kuwa noti ziliingizwa peke yake na muda wa kila noti ukaingizwa peke yake, na aliyekosea hatua moja aliusikia wimbo wote umepinda. Ziliundwa kama 10,000, na mwaka 1984 utengenezaji ukakoma. Ala ikaangukia katika maduka ya vitu vilivyokwisha kutumika, ikauzwa kwa bei ya kutupa.

Katika mji wa Chicago vijana watatu, DJ Pierre, Spanky na Herb J, waliojiita Phuture, waliipata ala hiyo iliyodharauliwa. Hawakuidai ifanane na gitaa. Waliziacha noti zake chache zijirudie, kisha wakavizungusha vifundo vya chujio wakati ala ikilia, hata sauti ikawa mara yaguna, mara yakwaruza kama bawaba yenye kutu, mara yapiga mluzi. Imesimuliwa kwamba Ron Hardy alipoipiga kanda yao katika klabu ya Music Box wachezaji waliukimbia uwanja, na alipoirudia mara ya nne usiku ule ule waliishangilia. Mwaka 1987 ilitoka katika santuri kwa jina la "Acid Tracks". Kazi hiyo yapita dakika 11, nayo haisimami juu ya ubeti wala kiitikio. Msikilizaji hupewa mdundo na badiliko la polepole la rangi ya sauti, basi. Aina nzima ya muziki ikachukua jina lake kutoka kwayo.

Miaka mitano kabla ya hapo, katika mji wa Bombay, ala ile ile ilikuwa imekwisha kuonja mikono mingine. Charanjit Singh, mpigaji wa muziki wa sinema za Kihindi, aliitumia katika albamu yake ya mwaka 1982, "Synthesizing: Ten Ragas to a Disco Beat". Raga hupenda noti itelezayo kuiendea noti nyingine bila kukatika, na TB-303 ina uwezo wa kutelezesha noti namna hiyo. Mpigaji alikikuta ndani ya mashine ya Kijapani kitu ambacho muziki wa kwao ulikuwa ukikihitaji. Albamu hiyo haikupata wasikilizaji wengi mpaka ilipotolewa tena mwaka 2010. Miji hiyo miwili yafundisha jambo moja, kwamba thamani ya ala ilionekana pale ilipoachiliwa katika utumishi iliyoundiwa.

Sasa zitazamwe nakala. Mwaka 2005 Limor Fried alitoa x0xb0x, ala ya kujiundia iliyofuata saketi ya TB-303, na michoro yake ikawa wazi kwa kila mtu. Mwaka 2016 Roland yenyewe ilitoa TB-03, inayoiga sauti ya zamani kwa hesabu za dijitali. Mwaka 2019 Behringer ilitoa TD-3, yenye saketi ya analogi, kwa bei isiyozidi dola 200, hali TB-303 ya asili huuzwa kwa maelfu ya dola. Mwenye asili aliiga kwa hesabu, mgeni akaiga kwa saketi; ni nani aliye karibu zaidi na asili? Wanaouliza hivyo huziweka ala bega kwa bega na kutega sikio kwa tofauti iliyo nyembamba kama unywele. Walakini hata TB-303 mbili za asili hazilii sawa, maana sehemu zake hazikuwa za kipimo kimoja kamili, na miaka arobaini imeibadili kila moja kwa njia yake. Adaiye kuwa nakala ifanane na asili hana budi kusema kwanza, asili ipi.

Mtunzi wa mashairi ya Kiswahili hatashangazwa na jambo hili. Bahari ya utenzi, yenye mizani minane katika kila kipande, imerithiwa na watunzi wasiohesabika, wala hakuna aliyeitwa mwizi kwa kuogelea ndani yake. Aibu humpata yule aingiaye baharini asiwe na la kusema ila maneno ya waliotangulia. Hata hivyo mfano huu una mpaka. Bahari haina mwenyewe, na ala ilikuwa na msanifu aliyeikunia kichwa. Sheria humlinda mvumbuzi kwa muda wenye kikomo, kisha uvumbuzi huwa wa watu wote. Lakini kikomo cha sheria si kikomo cha adabu. TD-3 haikufuata saketi peke yake, imefuata hata sura ya ala ya zamani. Saketi yaweza kuitwa elimu; sura ni kumbukumbu ya mtu mwingine, na kuiuza ni kuuza hamu ya mambo yaliyopita.

Lawama iliyo kubwa zaidi yapasa kuwaangukia wapigaji. Sehemu kubwa ya muziki upigwao kwa nakala hizi huanza kwa mdundo ule ule wa mwaka 1987, na chujio hufunguliwa pale pale msikilizaji anapotazamia. Wapigaji hao wameiga walichokifanya vijana wa Chicago, hawakuiga walivyokifanya. Tena TD-3 yaweza kuongozwa kwa kompyuta, kila noti ikakaa mahali pake bila jasho. Urahisi huu ni neema, lakini ugumu wa zamani ulizaa makosa, na makosa mengine yalizaa muziki. Betri za TB-303 zilipokwisha, noti zilizohifadhiwa zilivurugika, na ala ikaweza kuamka na mfuatano ambao hakuna mtu aliyeuandika. Nakala haina kosa kwa kuwa haisahau. Ila mpigaji wake ana deni la kuutafuta mwenyewe mshangao ambao zamani aliletewa na kasoro.

Pamoja na hayo, bei ndogo si jambo dogo. TB-303 iliingia katika historia kwa sababu ilikuwa rahisi, na vijana wasio na fedha waliweza kuigusa, kuichezea na kuikosea heshima. Iliyofungiwa leo katika kabati la kioo la tajiri ina saketi ya asili, lakini imepoteza hali iliyoifanya izae. Nakala ya bei ndogo imeirudisha hali hiyo mezani pa mnyonge. Katika jambo hili nakala ni aminifu kuliko asili yenyewe.

Basi swali la roho lisiulizwe kwa saketi, liulizwe kwa kazi iliyopigwa. Kazi ikimwonyesha msikilizaji sauti asiyoitazamia, asili ya ala haina la kuiongezea; ikimrudishia aliyoyazoea, hata ala ya asili haitaiokoa. TB-303 ilikuwa mwigo ulioshindwa, ikawa asili siku ilipoachwa isiwe gitaa. Nakala zake zangoja mkono utakaoziacha zisiwe TB-303.