Kipupwe Kiko Mweru!

Fungasheni sweta, nendeni Nchelenge, Zambia! Sijafika mahali pengine ambapo kipupwe kimenikaa vizuri hivi, na nashangaa habari zake hazijasambaa. Ukitaja msimu wa baridi nchini Zambia, mazungumzo yote huishia Livingstone kwenye Maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, au kwa tembo wa Luangwa Kusini. Ni yale yale ya milima ya Alpi. Wageni humiminika huko kuteleza mteremkoni, ilhali chini bondeni, Engadin ya Uswisi, tangu mwaka 1969 kuna mbio za ski za tambarare za kilomita 42 zinazokatiza ziwa baada ya ziwa, yote barafu tupu. Zambia nayo ina bonde lake linalopitwa hivyo: mkoa wa Luapula, ufukweni mwa Ziwa Mweru.

Theluji hakuna, wala msiitafute. Kuna hewa! Ziwa liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, mvua zimeshakatika, na mwezi Julai alfajiri inang'ata vizuri mpaka unashukuru kwa kila kijiko cha uji. Saa nne jua limeshachangamka na sweta liko kiunoni. Mchana kutwa unatembea bila jasho la kero na bila tope. Watu wa pwani waliozoea unyevunyevu wataelewa ninachosema pindi watakaposhuka kwenye basi.

Anzeni na kutembea. Miji ya Nchelenge na Kashikishi imeshikana, na kandokando ya maji kuna mchanga, mitumbwi iliyopandishwa nchi kavu, nyavu zinazoshonwa na watoto wanaofukuzana. Ukitoka mapema utawakuta akina mama wakianika chisense, samaki wadogo mfano wa dagaa wetu. Nilichuchumaa nikamtazama mmoja wao kwa muda mrefu. Alimwaga samaki wabichi, wakaanguka wakimetameta, kisha akawatandaza kwa kiganja, taratibu, asiache mmoja akilalia mwenzake. Waliotandazwa kabla ya hao walikuwa wameanza kukunja mikia na kupoteza mng'aro. Nikamwamkia kwa Kibemba changu cha kuokoteza, "Mwashibukeni, ba mayo." Akaitika, "Eya mukwai," akanisogezea kiti. Jamani, ukarimu wa watu hawa!

Chisense huvuliwa usiku kwa taa. Basi usilale mapema! Usiku usio na mwezi, jifunge blanketi, kaa mchangani, utazame giza la ziwa likitobolewa na taa za wavuvi, moja huku, tatu kule, mpaka mbali usikoweza kukadiria. Juu yako anga la kipupwe limejaa nyota. Kuna hoteli kubwa duniani zinazotoza fedha nyingi kwa tamasha dogo kuliko hili. Na kipupwe ndiyo saa yake, kwa sababu kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa kisheria ili samaki wazaane.

Machweo nayo! Nchelenge iko ufuo wa mashariki, kwa hiyo jua linazama majini, upande wa Kongo. Ng'ambo hiyo ndiko wanakotoka wachuuzi wengi wa soko la Kashikishi, na hapo nilikisikia Kiswahili cha Katanga kikichanganyika na Kibemba bila mtu kutafsiriwa. Njia hii ya biashara ni ya zamani. Mvumbuzi David Livingstone alipofika Mweru mwaka 1867, huko kwa Mwata Kazembe, mtawala wa Walunda, alimkuta Mohamad bin Saleh, mfanyabiashara kutoka upande wetu wa pwani, aliyekwishakaa miaka mingi.

Ukipenda maji, panda boti kwenda kisiwa cha Kilwa, ambacho ni cha Zambia. (Mji wa Kilwa ulio ng'ambo ni wa Kongo, huko ni pasipoti.) Kabla ya kupanda, muulize mvuvi habari za upepo na umsikilize, maana Mweru hukasirika ghafla. Ziwa lina zaidi ya kilomita za mraba 5,000, si bwawa la kuchezea. Kuogelea pia, fuata wenyeji: mamba wapo, kichocho kipo.

Ukirudi na njaa, agiza pale wa kuchoma. Ni perege wa ziwa hili, mnene, ngozi imekauka kwa moto, na ubwali wa muhogo pembeni, laini na wa kunata. Sijala samaki mtamu hivi, nasema wazi.

Wenye miguu yenye nguvu wapande uwanda wa juu kuelekea Kawambwa, kwenye mashamba ya chai, ambako baridi ni baridi kweli. Maporomoko ya Ntumbachushi kwenye mto Ngona hayako mbali na mji huo. Safari ya kutwa nzima ni ya Lumangwe, kwenye mto Kalungwishi unaomwaga maji yake Mweru: pazia moja jeupe, kimo cha mita 30 na ushei, upana unaozidi mita 100, na siku niliyofika hapakuwa na foleni wala kelele za wapiga picha. Ukifuata mto kuteremka utayakuta ya Kabweluma. Nendeni yote mawili, msichague.

Lakini nikilazimishwa kupanga safari kwa tarehe moja tu, ningechagua wikiendi ya mwisho ya Julai, ya Mutomboko. Ni sherehe ya Walunda wa Mwata Kazembe huko Mwansabombwe, kusini mwa Nchelenge, barabara ya lami, na kwa sura yake ya sasa inafanyika tangu mwaka 1971. Mwata hubebwa juu juu kwenye machela, ngoma zinaunguruma, kisha anashuka uwanjani na kucheza mwenyewe, upanga mkono mmoja na shoka mkono wa pili. Vumbi, vigelegele, jua la alasiri lisilochoma! Vyumba huwahiwa siku hizo, kwa hiyo pigeni simu mapema, na mkikosa Mwansabombwe laleni Nchelenge, mwende alfajiri mkiwa na sweta zenu.