Manyanga ya Daphne

Bibi mzaa mama hakujua Kiingereza. Jioni ile mjomba wetu baharia alipotuletea kanda ya Some Like It Hot na kuisukuma ndani ya deki, Bibi alikuwa ameketi mkekani na tasbihi yake, hana habari na runinga. Ilikuwa Tanga, miaka ya 90. Sisi vijana tulianza kununa mara tu tulipoona picha haina rangi. Ikafika pale Jack Lemmon kavaa gauni, kajilaza kitandani, anatikisa manyanga na kujiimbia peke yake. Bibi akacheka. Akatulia kidogo, Lemmon akatikisa tena, naye akacheka tena hadi tasbihi ikamponyoka. Hakuna aliyekuwa amemtafsiria neno hata moja.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba alikuwa akilicheka gauni. Nimeitazama filamu ile mara nyingi tangu wakati huo, siku hizi nikiwa na daftari mapajani, na nimebadili mawazo. Bibi alicheka pale alipopangiwa acheke, na aliyempangia ni mtu aliyehangaikia muda kuliko alivyohangaikia nguo.

Mwanaume kuvaa nguo za kike ni kichekesho kisichokaa. Tunakijua vizuri kwenye majukwaa yetu: mtu anajifunga kanga, anajaza matambara kifuani, anabana sauti, ukumbi unalipuka. Dakika tano baadaye kanga ileile haimchekeshi mtu, na mchekeshaji anaanza kupandisha sauti ili kufidia. Billy Wilder, aliyeongoza filamu hii mwaka 1958 na kuitoa mwaka uliofuata, alikuwa na dakika 121 za kujaza kwa mzaha huohuo mmoja.

Wazo lenyewe hakulibuni yeye. Wafaransa walikwishalitengenezea filamu mwaka 1935, Wajerumani wakairudia mwaka 1951: wanamuziki wasio na kazi wanajigeuza hivi na vile ili wapate ajira, na mojawapo ya geresha zao ni kujifanya wanawake. Wilder na mwandishi mwenzake, I.A.L. Diamond, waliona kasoro ambayo fundi yeyote wa hadithi angepaswa kuiona. Njaa haitoshi. Mwenye njaa anaweza kuvua wigi wakati wowote akatafute kibarua kingine. Ndipo wakaipeleka hadithi Chicago na kuiegemeza kwenye tukio la kweli, mauaji ya Siku ya Valentino ya tarehe 14 Februari 1929, ambapo watu saba walipigwa risasi ndani ya gereji. Joe, mpuliza saksofoni anayechezwa na Tony Curtis, na Jerry wa Lemmon, mpiga besi kubwa ya kusimama, wanayashuhudia mauaji hayo kwa bahati mbaya. Majambazi wanawaona. Njia pekee ya kutoka mjini ni bendi ya wanawake peke yao inayopanda treni kwenda Florida.

Kuanzia hapo wigi ni ngao. Kila Jerry anapolalamika kwamba viatu vinamuua, mtazamaji anajua kinachoweza kumuua kweli. Wilder analipa gharama ya jambo hilo bila woga: zaidi ya dakika 20 za mwanzo hakuna gauni. Kuna gari la maiti lenye jeneza lililojaa chupa za pombe ya magendo, kuna polisi, kuna bunduki. Mtu akiingia amechelewa anaweza kudhani amekosea filamu. Na lile besi linatobolewa risasi mapema, tunalisahau, hadi kule hotelini majambazi wanapoyaona matundu na kufahamu kina dada hawa ni akina nani.

Mwaka 1929 uliwapa faida nyingine, ya kishonaji. Mitindo ya wakati ule ilimnyima mwanamke kiuno na kifua: gauni lilishuka wima kama mfuko, kofia ilikaza kichwa na kushuka hadi kwenye nyusi. Mavazi yanayoficha umbo la mwanamke yanaficha pia kwamba umbo halipo. Mara ya kwanza tunapowaona Joe na Jerry wamegeuka, makoti yana kola za manyoya zinazopanda hadi kidevuni, na koromeo hulioni. Halafu kuna hili ambalo Wilder alilielewa mapema: mtazamaji wa 1959 aliziona nguo zote za 1929 kuwa vituko, za wanaume na za wanawake, kwa hiyo wawili hawa hawakujitenga kama pilipili kwenye uji. Orry-Kelly, aliyebuni mavazi, aliwashonea Curtis na Lemmon kwa vipimo vyao, baada ya Curtis kulalamikia magauni yaliyotolewa stoo ya studio. Tuzo pekee ya Oscar ambayo filamu ilipata kati ya sita ilizowania ilikuwa ya mavazi hayo.

Na ule weusi na weupe uliotununisha sisi vijana wa Tanga? Ulikuwa uamuzi wa vipodozi. Mkataba wa Marilyn Monroe, aliyecheza Sugar, mwimbaji wa bendi, ulitaka filamu ya rangi. Walipofanya majaribio, ile poda nzito iliyohitajika kuzima kivuli cha ndevu za Curtis na Lemmon ilitoa ukijani usoni. Monroe aliziona picha za majaribio akakubali. Rangi ingeyatangaza yote, kijivu kinasamehe.

Kuhusu mwendo, studio ilimleta Barbette, mzaliwa wa Texas ambaye miaka ya 20 aliitikisa Paris kwa kuning'inia kwenye bembea za sarakasi akiwa amevaa kike. Aliwafundisha kupishanisha nyayo kila hatua ili nyonga zifuate, na kuviacha viganja vitazame chini, kwa sababu kiganja kikigeuzwa juu misuli ya mkono inatuna. Curtis alijifunza. Lemmon alikataa. Sababu yake ni somo zima la uigizaji: hakutaka kutembea kama mwanamke, alitaka kutembea kama mwanaume anayejitahidi kutembea kama mwanamke, tena anayekaribia kushindwa.

Tazama tofauti inavyozaa. Josephine wa Curtis ana shingo ndefu, midomo iliyobanwa, macho ya mtu anayehesabu chenji. Daphne wa Lemmon anayumba kwenye viatu vya mchuchumio kama ndama aliyezaliwa asubuhi. Kama wote wawili wangetembea vizuri, tungekuwa na filamu ya ujasusi. Wote wawili wangetetereka, tungekuwa na sarakasi. Sauti nayo iligawanyika. Curtis alishindwa kuishikilia sauti ya juu kwa muda mrefu, ikabidi sehemu ya maneno ya Josephine iingizwe baadaye na Paul Frees, fundi wa sauti za katuni. Lemmon alijichukulia mwenyewe, na pale Daphne anapocheka utadhani mlango unaodai mafuta.

Wenyewe walisimulia kwamba walipokamilika waliingia choo cha wanawake pale studio wakajipodoa mbele ya kioo. Hakuna aliyewageukia.

Sasa nije kwenye mkato ninaoupenda kuliko yote. Joe yuko kwenye simu na wakala wa muziki. Anabana sauti iwe ya kike, anasema amesikia wanatafutwa wanamuziki wa kike. Mwongozaji mwingine angetupeleka chumbani: kunyoa miguu, kuvutana soksi, wigi kukaa upande. Vichekesho vya bei rahisi, na watu wangecheka, nisidanganye. Wilder anakata. Picha inayofuata ni miguu minne juu ya viatu vya mchuchumio kwenye jukwaa la stesheni, tukiitazama kwa nyuma, ikitembea. Kazi ya kuvaa tumefanya sisi wenyewe, kichwani, kwa nukta moja. Mtazamaji aliyeshirikishwa kazi hiyo anakuwa mshirika wa njama, na mshirika hawezi tena kuuliza kama watu wangedanganyika kweli.

Hapohapo jukwaani Monroe anawapita, treni inamrushia mvuke, naye anaruka kidogo bila kupoteza mwendo. Jerry anamwangalia kama fundi baiskeli anayeangalia ndege ikiruka. Ni mzaha, lakini pia ni kipimo: filamu imetuwekea mwanamke halisi kando ya wale wa bandia mapema kabisa, ikakiri kwamba hawafanani, na kuendelea na safari.

Dakika chache baadaye wanajitambulisha kwa kiongozi wa bendi. Walikuwa wamekubaliana: Joe atakuwa Josephine, Jerry atakuwa Geraldine. Joe anasema lake. Jerry anafungua mdomo na kusema anaitwa Daphne. Hakuwahi kulipenda jina la Geraldine, anaeleza baadaye. Kwenye muswada ni neno moja tu, lakini ndilo linaloiendesha saa nzima inayofuata, kwa sababu kuanzia hapo mmoja wao amevaa gauni na mwingine amevaliwa nalo.

Ile mbinu ya kumwachia mtazamaji kazi inarudi kwenye lifti ya hoteli. Osgood, tajiri mzee anayechezwa na Joe E. Brown, anaingia na Daphne. Milango inajifunga. Kamera haiwafuati, inabaki nje ikitazama mshale unaoonyesha ghorofa. Unapanda, unasimama, unashuka. Milango inafunguka na Daphne anamzaba kofi. Kilichotokea ndani tunakijua sote, na kila mtu amekitengeneza kwa kadiri ya uovu wa akili yake. Baadaye Jerry ananung'unika kwamba amefinywa, na kwa mara ya kwanza anaonekana kuelewa wanawake hupanda lifti vipi.

Si kila kitu kimefua dafu. Zile mbio za korido na ngazi karibu na mwisho, majambazi nyuma, matarishi mbele, zinanichosha kila mara. Ni purukushani za filamu bubu zilizopoteza makali. Na kazi yenyewe haikuwa ya raha. Monroe alihitaji kurudia baadhi ya mistari mifupi zaidi ya mara 40, na teki iliyotumika ni ile aliyoipatia yeye. Curtis, aliyekuwa bora kwenye teki za mwanzo, alichakaa. Lemmon alizidi kupata moto. Wote wawili, usisahau, wakiwa wamesimama kwenye vile viatu.

Manyanga, basi. Daphne amecheza tango na Osgood usiku kucha, ua likihama kutoka meno haya kwenda meno yale, huku Joe, aliyejifanya milionea, akiwa na Sugar kwenye boti ya Osgood. Joe anarudi kupitia dirishani. Jerry kajilaza na gauni lake, anatikisa manyanga ya bendi ya Kikuba iliyowapigia. Anatangaza kwamba amechumbiwa. Joe anauliza msichana mwenye bahati ni nani. Jerry anasema ni yeye mwenyewe.

Kuna tatizo la kiufundi hapa ambalo mwigizaji wa jukwaani halijui. Yeye husikia ukumbi ukicheka, akasubiri, kicheko kikianza kushuka akatupa neno linalofuata. Mwigizaji wa filamu anasema mbele ya mafundi walioziba midomo. Akienda haraka, kicheko cha watu 800 kitameza mistari mitatu. Akiacha kimya kirefu, filamu ikioneshwa kwa watu wawili sebuleni kimya hicho kitakuwa shimo. Wilder alijua mistari ya mazungumzo yale ilikuwa mikali na imekaribiana mno. Akampa Lemmon manyanga: jibu, tikisa, zunguka, jiimbie, halafu ndipo Joe aulize tena.

Lemmon alidhani mwongozaji amerukwa na akili. Alikuja kuelewa alipoketi kati ya watazamaji.

Angalia jinsi kifaa kile kinavyofanya kazi nne kwa mpigo. Kinajaza pengo bila maneno, kwa hiyo hakuna kinachopotea kikizibwa na kelele. Kinafurahisha macho, kwa hiyo asiyecheka naye ana cha kutazama. Kinatoka kwenye hadithi, maana mtu ametoka kucheza tango hadi alfajiri. Na kinatuonyesha kwamba Jerry hasikii anachoambiwa: Joe anazungumzia sheria na akili timamu, manyanga yanajibu kwa furaha tupu. Curtis anafanya kazi ngumu zaidi ya kusimama na kungoja, uso wake ukiporomoka kidogo kila swali. Wazee wa dansi waliolelewa na rumba hawatashangaa. Kwenye bendi, mpiga manyanga hatazamwi na mtu, lakini yeye ndiye anayeshika muda, na akikosea, mpiga gitaa hodari kuliko wote anaonekana mlevi.

Kwa hiyo Bibi, pale mkekani, alikuwa akifuata mapigo. Neno la Kiingereza lilimpita, kisha yakaja manyanga kumwambia: sasa.

Isipokuwa mara moja. Mwisho wa filamu Osgood anaendesha boti, Daphne kando yake, anajaribu kuivunja posa. Si mwenye nywele za asili, anavuta sigara, ameishi na mpuliza saksofoni, hawezi kuzaa. Osgood anasamehe moja baada ya jingine, haondoi macho kwenye maji. Jerry anavua wigi, sauti inashuka, anasema yeye ni mwanaume. Osgood anamjibu, bila kupunguza tabasamu, kwamba hakuna aliyekamilika. Diamond aliupendekeza mstari huo kama kishikizo, wakikusudia kutafuta ulio bora zaidi kabla ya kupiga picha, hawakuupata. Hapa Wilder hakuweka manyanga. Hakukuwa na neno jingine la kulinda.

Sote tukaangua kicheko, mjomba akijipiga paja. Bibi akatutazama mmoja mmoja. "Mzee kasemaje?" aliuliza. Mjomba akamwinamia, akamtafsiria. Kanda ilikuwa tayari inavuma ndani ya deki ikirudi mwanzo, ndipo alipocheka.