Panzi Si Zimwi: Mtoto Mfiwa na Swali la Hatia katika Ngano ya Masala Kulangwa

Ikisiri

Ngano ya Kisukuma ya Masala Kulangwa, mtoto aliyezaliwa baada ya zimwi kumeza watu wote, kwa kawaida husomwa kama hadithi ya shujaa mkombozi. Makala haya yanadai kuwa usomaji huo unaruka kiini chake. Kwa kuchunguza jina la mtoto, masahihisho ya mama na tukio la sikio la bibi kizee, makala yanaonesha kuwa ngano hii inahusu kufiwa, na kwamba funzo lake kuu ni kutomtwika hatia ya msiba asiyestahili kuibeba.

1.0 Utangulizi

Zimwi liitwalo Shing'weng'we linameza watu wote na mifugo yao. Anayesalia ni mwanamke mmoja mjamzito, aliyejificha katika lundo la makapi. Anajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa. Mtoto anapopata akili anamuuliza mama yake kwa nini wako wawili tu, na mama anamweleza yaliyowapata watu. Tangu siku hiyo mtoto anaingia porini kulisaka zimwi. Anaua panzi, anarudi akiimba kwamba amemuua Shing'weng'we. Mama anamwambia kuwa huyo ni panzi tu, wamchome wamle. Baadaye anakuja na ndege, kisha na wanyama wakubwa zaidi, na kila mara jibu ni lilelile. Hatimaye analikuta zimwi lenyewe, analiua na kulipasua, na watu wanatoka, baba yake akiwa miongoni mwao.

Matoleo ya ngano hii ni mengi. Uhakiki huu unategemea lile lililochapishwa na Healey na Sybertz (1996). Kwa kuwa toleo hilo ni la Kiingereza, hoja za hapa zinasimama juu ya mfuatano wa matukio na muundo wa mazungumzo, si juu ya maneno ya wimbo. Wachapishaji hao wanamlinganisha Masala Kulangwa na Kristo mkombozi. Mhakiki mwingine anaweza kutumia kanuni za Propp (1928) na kuona ukosefu, safari, pambano na zawadi ya uchifu. Njia zote mbili zinaanzia mwisho wa hadithi, mahali penye ushindi. Hakuna inayoeleza kwa nini sehemu kubwa ya ngano imejaa makosa ya mtoto.

2.0 Jina katika Kauli ya Kutendwa

Jina la mhusika hufasiriwa mara nyingi kuwa ni mwerevu anayeelewa upesi. Tafsiri hiyo inampa mtoto sifa ya kuzaliwa nayo, lakini mofolojia inaelekeza kwingine. Katika Kisukuma, masala ni akili, na kulangwa ni umbo la kutendwa la kitenzi kulanga, yaani kufundisha. Jina lina mnyambuliko uleule wa -w- unaoonekana katika neno la Kiswahili kufundishwa. Akili inayotajwa hapa ni ya kupokea kutoka kwa mwingine.

Katika dunia ya ngano hii, mwingine huyo ni mmoja tu, mama, ambaye naye ni mfiwa. Amenusurika ndani ya makapi, yaani kile kinachobaki nafaka ikishaondolewa, na yeye mwenyewe ni baki la jamii iliyoondolewa. Mtoto hana kumbukumbu ya waliomezwa. Hajamwona baba yake wala kusikia sauti yake. Msiba wake wote ameupokea kwa lugha, kupitia jibu la mama kwa swali lake. Akirithishwa simulizi isiyo sahihi, atakuwa na msiba usio sahihi.

3.0 Masahihisho ya Mama

Mazungumzo yanayojirudia yana pande mbili. Upande wa mtoto ni kauli yakinishi: nimemuua. Upande wa mama una hatua tatu: kumtambulisha mnyama kwa jina lake, kukanusha kuwa ndiye zimwi, na kualika mlo. Kitovu cha jibu ni ukanushi, ambao Kiswahili huubeba kwa kitenzi kishirikishi si.

Mama angeweza kunyamaza. Mtoto anayerudi akishangilia amepata faraja, na kumwachia panzi wake kungekuwa huruma nyepesi. Mama hamwachii, wala hamcheki na kumkaripia. Freud (1917) alieleza kuomboleza kuwa ni kazi ya polepole ya kupima matamanio dhidi ya uhalisi. Katika ngano hii kazi hiyo inafanywa na watu wawili, mezani kwao, juu ya nyama ya mnyama asiye na kosa la kuwamaliza watu. Kosa la mtoto linageuka chakula, naye anakua kwa kula makosa yake.

Masimulizi ya pwani yana ndugu wa ngano hii. Katika hadithi ya Sultani Majinuni iliyochapishwa na Steere (1870), mwana wa sultani anamsaka Nunda mla watu, na mama yake pia anakanusha kila windo lisilo lenyewe. Tofauti iko katika chanzo cha maafa. Nunda alianza kama paka wa sultani, na sultani alipuuza malalamiko ya watu; hatia ina mlango wa kubisha. Shing'weng'we halina mfugaji, na mfiwa asiye na mlango wa kubisha hushawishika kubisha wowote. Hapo ndipo ukanushi wa mama unapopata uzito wake.

4.0 Sikio la Bibi Kizee

Masala Kulangwa anapolipasua zimwi, kisu chake kinakata sikio la bibi kizee mmoja. Bibi anakasirika, anamtukana na kujaribu kumroga. Marafiki wa kijana wanamlinda, dawa inatafutwa, bibi anatibiwa. Baada ya hapo ndipo kijana anapotawazwa.

Usomaji wa kishujaa huliona tukio hili kama kiambatisho. Kwa mujibu wa hoja ya makala haya, ni mtihani wa mwisho wa somo la mama. Panzi, ndege na swala walikuwa rahisi kukanushwa kwa sababu hawakuwa na uadui. Sasa anasimama mtu mwenye uadui wa kweli, na mwenye jeraha la kweli lililotokana na mkono wa mkombozi. Ngano inakiri yote mawili. Haimgeuzi bibi kuwa Shing'weng'we wa pili.

Kwa hadhira ya Mwamapalala, kata iliyo katika Wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu, maana ya uamuzi huo ni nzito. Nyika ya ngano iko karibu nao: mashariki mwa mkoa lipo Pori la Akiba la Maswa, linalopakana na Serengeti. Hata hivyo, jambo zito zaidi liko vijijini. Mesaki (1994) ameandika kuhusu mauaji ya watuhumiwa wa uchawi Usukumani, ambao wengi wao walikuwa wanawake wazee. Mara nyingi tuhuma huanzia msibani, pale kifo kinapotafutiwa mtu wa kukijibia. Ngano inamleta mwanamke mzee aliyejaribu kuroga kwa hakika, na bado jibu la jamii ni tiba. Katika simulizi ya Kisotho ya Senkatana, iliyo na muundo unaofanana na huu, waliookolewa wanamuua mwokozi wao. Hapa hakuna anayeuawa baada ya zimwi.

5.0 Hitimisho

Mwalimu anayeisoma ngano hii darasani kama hadithi ya ushujaa humwambia mtoto aliyefiwa kwamba anatarajiwa kushinda. Ngano yenyewe inamruhusu kukosea mara nyingi, mradi awepo mtu mzima asiyemdanganya. Inamwambia pia kwamba hata wanaorudi hurudi na majeraha, na kwamba hasira yao haiwafanyi kuwa mazimwi. Watafiti watakaokusanya matoleo ya Kisukuma yaliyo hai wana swali mahususi la kuuliza: ni matoleo yapi yanayombakiza bibi kizee na dawa yake, na ni yapi yanayomwacha? Linapoachwa tukio hilo, mama anakuwa amesema bure kwamba panzi si zimwi.