Raymond na Kengele ya Shule

Filamu ya Rain Man niliiona kwa mara ya kwanza katikati ya miaka ya 1990, kwenye mkanda wa video, nikiwa mkufunzi katika chuo cha ualimu. Ilitengenezwa mwaka 1988 chini ya uongozi wa Barry Levinson, ikapata tuzo nne za Oscar, mojawapo ya Dustin Hoffman aliyeigiza kama Raymond, mtu mzima mwenye usonji. Kwa wengi wetu chuoni, huo ndio ulikuwa mlango wa kwanza wa kuifahamu hali hiyo. Kwa hilo filamu inastahili shukrani.

Hata hivyo, ilitufundisha nusu. Vijiti vya meno vinamwagika sakafuni, Raymond anavitazama na kutaja idadi papo hapo: 246. Wanachuo walipiga makofi. Tangu siku hiyo, akitajwa mtoto mwenye usonji, waliuliza ana kipaji gani. Kumbe vipaji vya namna hiyo wanavyo wachache tu miongoni mwao. Je, asiye nacho hastahili dawati?

Mimi nilishikwa na sehemu nyingine. Moshi unatanda jikoni, king'ora kinalia, Raymond anajigonga kichwa kwa hofu. Hapo Hoffman haonyeshi maajabu, anaonyesha maumivu. Niliinuka nikatoka nje.

Nilimkumbuka mvulana mmoja wa darasa la pili, miaka ya 1980, nilipokuwa mwalimu mkuu. Kengele yetu ilikuwa ringi ya gari iliyotundikwa kwenye mwembe, karibu na dirisha la darasa lake. Kila ilipogongwa aliziba masikio na kukimbilia mashambani. Nilimchapa kwa utoro. Mama yake akaja ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu. Huyu si mkaidi. Ile sauti inamuumiza."

Nilimwambia kwamba shule ina utaratibu wake. Hakurudi tena, wala mtoto hakurudi.

Ndiyo maana siafikiani na mwisho wa filamu. Baada ya king'ora, hadithi inaelekea kwa daktari, kisha Raymond anapanda treni kurudi kituoni alikotoka. Mtazamaji anaachwa aamini kuwa dunia ya nje haimwezi. Hakuna anayeuliza kama dunia hiyo ingeweza kupunguza kelele zake.

Mwaka 1994, wajumbe waliokutana Salamanca, Hispania, walitamka kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wote, bila kujali hali zao. Tangu hapo tumezoea kudai njia za mteremko kwa ajili ya viti vya magurudumu, na ni haki. Lakini mteremko aliouhitaji mvulana yule ulikuwa kuhamishia ringi kwenye mti wa mbali, au kumwashiria mapema kabla haijagongwa. Gharama yake ni kamba ya katani na dakika tano za kumsikiliza mama.

Mwalimu kijana akiitazama filamu hii, vijiti asivihesabu. Asikilize king'ora, kisha kesho yake aende kuangalia kengele ya shule yake imetundikwa wapi, na ni mtoto gani anayeziba masikio.