Maua Ndani ya Mashimo: Tahakiki ya Bao la Mapambo

Bao ninalolihakiki hapa nililinunua kwa fedha yangu, mjini Bujumbura, wiki moja kabla ya Ramadhani. Nalisema mapema ili msomaji ajue kwamba nilikuwa na kila sababu ya kulipenda. Lilikuwa zawadi ya babu yangu wa Buyenzi, ambaye baada ya sala ya alasiri huketi barazani na wazee wenzake kucheza. Kwa Kirundi tunasema wanabuguza. Mchezo wenyewe ni ndugu wa bao la Kiswahili la Unguja na Lamu: safu nne, mashimo 32, kete 64, ingawa sheria hazifanani.

Nianze na fani, kama tulivyofundishwa. Ukingo wa bao hili umezungushiwa ngoma ndogo za kuchonga, zile ngoma zetu ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2014. Mchongaji hakunakili ngoma moja mara nyingi. Kila moja ameiinamisha kidogo kwa namna yake, hata ukizungusha macho unahisi kikosi kinatembea. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua. Lakini hakuishia kwenye ukingo. Chini ya kila shimo amechonga ua la petali sita, akapaka vanishi mpaka linang'aa, na badala ya mbegu ameweka kete za kioo za rangi mbalimbali.

Babu ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Haoni kete, anaona weupe tu na vivuli. Wenzake wamemruhusu aguse mashimo kabla ya zamu yake, na kwa vidole hivyo bado anawafunga watu wenye macho mazima. Anatumbukiza vidole, ananyamaza, anajua ni kete ngapi. Zikianguka shimoni anasikiliza mlio pia.

Siku ya kwanza ya bao jipya alifungwa na kijana wa jirani ambaye hajawahi kumfunga. Petali za mbao zilimdanganya: alidhani ni kete, akahesabu tano mahali penye tatu. Mara nyingine aliacha kete moja imejificha kati ya petali, akasambaza pungufu, na mkono ukalala mahali ambapo ungekula. Kete za kioo ziliteleza juu ya vanishi. Moja iliruka ikaingia shimo la pili na ukazuka ubishi wa nani kaiona. Mashimo yenyewe hayana kina, kwa kuwa unene wa ubao umeliwa na maua. Kete zilipofika kumi na kitu katika shimo moja, zilimwagika.

"Mjukuu wangu," babu alisema, "ni zuri sana. Litundike ukutani."

Wazee walicheka. Mimi sikucheka.

Najua hoja itakayotolewa darasani: kwamba hicho ni chombo cha mapambo, kimeuzwa kwa wageni wanaotaka kitu cha ukutani, na si haki kukipima kwa vidole vya mzee. Ningeikubali kama mchongaji angeacha mashimo mawili matatu kama picha ya bao. Lakini ametoboa yote 32, akahesabu kete 64, na muuzaji akanipa karatasi ya sheria. Kazi yenyewe inadai kuwa bao. Naipima kwa dai lake.

Wala si tatizo letu peke yetu. Binamu yangu aliyekuja kututembelea kutoka Kanada alinionyesha dadu zake za michezo ya aina ya Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974, ambamo kila mchezaji ni mhusika wa hadithi na dadu huamua kama upanga wake umefika. Ni dadu saba, kuanzia ya nyuso nne hadi ya nyuso ishirini, za plastiki angavu zenye maua makavu ndani na namba nyembamba za dhahabu. Nzuri ajabu, ila ilibidi tuiinue ile ya ishirini hadi kwenye taa ili tuisome. Tena dadu ina hatari yake: kitu kizito kikikaa upande mmoja, huenda inapendelea namba fulani na hakuna anayejua. Ndiyo maana katika dadu za kasino vitone hujazwa kitu chenye uzito sawa na kile kilichotolewa. Bao halina bahati, hivyo lilipomdhulumu babu, baraza zima liliona.

Hata hivyo sikubaliani na babu anaposema bao halihitaji urembo. Bao lake la zamani lina mistari ya msumeno kwenye ukingo na mkia uliochongwa, ambao yeye mwenyewe huupapasa akiwa anafikiri. Amelizoea mpaka haoni tena kwamba ni nakshi. Kosa la mchongaji wetu ni kwamba aliingiza patasi mahali pa vidole.

Nililipeleka kwa fundi seremala. Alikwangua maua, akaongeza kina hadi kiungo cha pili cha kidole, akapiga msasa, na ngoma za ukingoni akaziacha. Gharama yake ilikaribia bei ya bao. Kete za kioo nimempa mdogo wangu. Babu alileta mbegu zake za zamani kwenye kopo la maziwa.

Hakuzipanga mara moja. Alipitisha kidole katika mashimo yake yote kumi na sita, polepole, moja baada ya jingine. Katika la mwisho kidole kilisimama.

"Hapa," alisema, "pamebaki jani."