Wigo wa bogenvilia Itigi: shimo, kalenda na kiu

Bogenvilia husifiwa kwa rangi yake, lakini mjini Itigi, mkoani Singida, kazi kubwa ya wigo wake hufanyika kabla rangi haijaonekana. Shimo lisipochimbwa vizuri, au maji yakimwagwa ovyo, utapata majani matupu.

Tuanze na ardhi. Vichaka maarufu vya Itigi, ambavyo ndugu zao wa karibu wako kaskazini mwa Zambia, humea juu ya udongo wa kichanga wenye tabaka gumu chini yake. Kiangazi udongo hukauka ukawa mgumu kama saruji; mvua ikinyesha, maji hutuama. Mimea ya hapo, yenye kimo cha mita 3 hadi 5, hupukutisha majani msimu wa ukame na kuchipua upya mvua zinaporudi. Bogenvilia, iliyotoka Amerika ya Kusini, nayo huweza kupukutisha majani ukame ukizidi. Ukame si adui yake mkuu. Kinachoiua upesi ni mizizi kukaa kwenye maji.

Kwa hiyo shimo liwe na upana na kina cha sentimita 60 hivi, na tabaka gumu livunjwe kwa mtaimbo. Jaza maji, subiri. Yakiwa bado yamo kesho yake, chimba zaidi au panda juu ya tuta. Rudisha udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza, lakini kwa kiasi, kwani naitrojeni nyingi hukuza majani na kupunguza maua.

Kalenda nayo ina uzito. Itigi hupata msimu mmoja wa mvua, takribani kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili. Kata matawi yaliyokomaa, unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20, na uyaoteshe kwenye viriba mwezi Agosti, kivulini. Mizizi huchukua wiki 6 hadi 12, hivyo miche huwa tayari mvua zikishaanza vizuri. Wakati wa kupanda, chana kiriba kwa wembe bila kutikisa udongo, maana mizizi yake ni myembamba na hukatika kirahisi. Acha mita moja hadi moja na nusu kati ya mche na mche, penye jua la kutosha. Zungushia matawi ya miiba, kwa sababu mbuzi hula miche.

Sasa tuje kwenye maua. Sehemu yenye rangi ni majani yaliyobadilika. Ua lenyewe ni dogo, jeupe, katikati yake. Mbali na ikweta, kufupika kwa mchana huisaidia bogenvilia kuchanua. Itigi iko karibu nyuzi 6 kusini, na tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi haifiki saa moja. Hapa ishara yenye nguvu zaidi ni ukame. Kiangazi cha kwanza mwagilia mara moja kwa wiki, maji mengi yafike chini. Kuanzia mwaka wa pili punguza, uache udongo ukauke kabla ya kumwagilia tena.

Pogoa Novemba, kabla ya mvua. Maua hutokea kwenye machipukizi mapya, hivyo machipukizi ya msimu wa mvua ndiyo yatakayochanua mvua ikikatika. Anayepogoa Mei hujiondolea maua yake mwenyewe. Matawi marefu yalaze na uyafunge kwa mlalo. Vichipukizi vitatoka urefu wote wa tawi, na wigo utaziba hadi chini.

Faida ya wigo huu haiishii kwenye uzuri. Kila wigo wa miti iliyokatwa huoza au huliwa na mchwa, na fito mpya hutafutwa tena vichakani. Wigo hai haudai fito. Mwenye kiwanja Itigi aanze kitalu chake Agosti hii, avipunguzie mzigo vichaka ambavyo duniani vimebaki sehemu chache sana.