Mkono wa Mkaguzi

Wapo mafundi ambao kazi yao ni kulitazama gari kabla mwingine hajatoa pesa zake, na sijaona wakisifiwa inavyostahili. Tunamtaja aliyelichora, tunamtaja dereva, hata dalali mwenye maneno matamu tunamkumbuka. Mkaguzi hupangusa mikono, husema neno lake, akaenda zake. Nataka kumsifu yeye, na nitamsifu kwa gari linalompa mtihani mgumu kuliko mengi: Audi TT ya kizazi cha kwanza, iliyoanza kuuzwa mwaka 1998.

Gari hilo lilionekana mara ya kwanza kwenye maonyesho ya magari ya Frankfurt mwaka 1995. Waliolibuni, miongoni mwao Freeman Thomas, J Mays na Peter Schreyer, walishika duara wakalifuata mpaka mwisho. Paa ni tao, vifuniko vya magurudumu ni nusu duara, na matundu ya hewa kwenye dashibodi yamezungukwa na pete za alumini unazozizungusha kwa vidole. Kifuniko cha tangi la mafuta ni cha alumini, na skrubu zake zimeachwa nje zionekane. Chini ya yote hayo mna mifupa ya Volkswagen Golf ya kizazi cha nne, na wapo wanaolidharau kwa sababu hiyo. Kwa mnunuzi hiyo ni heri: fundi anayeijua Golf ameshalijua nusu ya gari hili, na vipuri vyake vingi havihitaji kusubiriwa kutoka mbali.

Shida ya gari zuri ni kwamba humnunua mnunuzi. Mtu akishafungua mlango, akanusa ngozi, akagusa zile pete, moyoni biashara imekwisha. Kuna wakaguzi wanaodhani dawa yake ni kuudharau uzuri, wakaingia moja kwa moja chini ya gari na tochi. Mkaguzi ninayemheshimu mimi huupenda. Ameusoma ulivyoundwa, na kwa hiyo anajua unapovunjika.

Magari mengi yana mfereji mwembamba pale paa linapokutana na ubavu wa nyuma, na mfereji huo hufunikwa kwa utepe. TT haina. Maungio yale yalichomelewa kwa leza na kusawazishwa hadi paa na ubavu vikawa bati moja. Mkaguzi anayelijua jambo hilo hulaza ncha za vidole karibu na kioo cha nyuma, akavuta mkono polepole kushuka kuelekea gurudumu, huku akitazama pembeni, maana jicho hudanganywa na mng'ao. Bati la kiwandani halina mstari. Gari lililogongwa ubavuni likabadilishwa bati hujitaja lenyewe: kimgongo chembamba, kibonde kisichoonekana, rangi yenye chembechembe. Hutoa sumaku iliyofungwa kitambaa, akaiweka hapo. Ikiteleza mahali ambapo kwenye ubavu wa pili imeshika barabara, chini ya rangi pana puti. Kazi hiyo haichukui hata dakika 5, na hufichua ajali ambayo hakuna karatasi iliyoiandika.

Injini huitaka ikiwa baridi. Akikuta boneti ina moto, hurudi siku nyingine. Kwenye injini ya lita 1.8 yenye tabo, sekunde za kwanza baada ya kuwasha ndizo zenye habari: kelele ya mnyororo mdogo wa kemshafti ambao kikaza chake kimechoka, au moshi wa buluu wa tabo inayovuja oili. Kisha huuliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, na hatosheki na jibu la mdomo. Mkanda huo ukikatika, valvu hugongana na pistoni na injini imekufa. Pampu ya maji hubadilishwa pamoja nao, kwa sababu mapanga ya ile ya awali ni ya plastiki na huvunjika. Mishale ya dashibodi nayo haiamini haraka. Ugonjwa wa mita ni maarufu kwa magari haya: mshale wa joto au wa mafuta husema uongo bila aibu, kwa hiyo huchomeka kompyuta na kulinganisha.

Kama ni lenye kuendesha magurudumu yote 4, hulipeleka kwenye changarawe na kuliondoa kwa nguvu. Ya mbele yakizunguka bure bila ya nyuma kusukuma, mfumo wa Haldex umelala, mara nyingi kwa sababu mwenyewe hakujua kwamba una mafuta yake na chujio lake.

Halafu kuna ile spoila. Magari ya mwanzo hayakuwa nayo. Mkia ulikuwa laini, na wachoraji walitaka hivyo. Zikatokea ajali kwenye barabara za kasi za Ujerumani, gari likikosa utulivu dereva anapobadilisha njia ghafla au kukata kona, na watu wakafa. Audi ikayaita magari yarudi, ikaongeza spoila ndogo juu ya buti, ikarekebisha miguu na kuweka mfumo wa ESP unaosaidia gari lisiteleze. Wapo wanaoing'oa spoila hiyo ili kurudisha umbo la asili. Naelewa hamu yao, lakini nasimama na mkaguzi anayeandika spoila iliyong'olewa kuwa kasoro, tena juu kabisa ya ripoti.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo TT za kizazi hicho zilizopo Nairobi zimeshakula matuta yetu miaka mingi. Gari ni la chini. Huko mkaguzi hulipandisha jeki kwanza, atazame bushi, boljointi na sinia la mafuta ya injini, ndipo aje kwenye rangi.

La mwisho ni ulimi wake. Mnunuzi aliyependa hataki kusikia, na muuzaji anasimama pembeni. Mkaguzi mwema hutenganisha kasoro zinazoua, zinazokausha mfuko na zinazoudhi tu, akataja gharama ya kila moja, akaacha uamuzi kwa mwenye pesa. Mimi nikiulizwa, nitaliacha lile la lita 3.2, lenye mlio mtamu ajabu, kwa sababu minyororo yake ya taimingi iko upande wa giaboksi na kuifikia ni kazi ya kushusha kila kitu. Nitachukua la nguvu za farasi 180, lenye spoila yake, risiti ya mkanda na ubavu usio na puti, hata kama kiti cha dereva kimechanika.